Kabla ya WhatsApp, Viziwi wa Meru na Embu Walipataje Habari za Afya?

Kuna namba moja ya sensa ambayo huwa naitaja kila nikipewa maiki, na kila mara watu hunitazama kama nimeitunga njiani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kaunti kwa kaunti, kuanzia miaka 5 kwenda juu. Kwa Kenya nzima walikuwa asilimia 2.2. Kaunti iliyoongoza haikuwa Nairobi wala Turkana. Ilikuwa Embu, asilimia 4.4. Yaani mara mbili ya nchi.

Upande wa kusikia peke yake, sensa hiyo ilipata watu 153,361 nchini. Hapo ndani tusichanganye mambo: yumo shosho ambaye masikio yamechoka na umri, na yumo kijana aliyezaliwa bila kusikia na ambaye lugha yake ya kwanza ni ishara. Mimi leo naongea juu ya huyu wa pili.

Mbona nianze na sensa na si na simu? Kwa sababu stori ya viziwi na teknolojia hapa kwetu huwa inaanzia mwisho. Kila baada ya muda kidogo unasikia kuna programu mpya, kuna glavu za kutafsiri, kuna picha ya kijana akipokea hundi kubwa ya kadibodi. Tunapiga makofi, tunaendelea na maisha. Hakuna anayeuliza kiziwi wa Igembe au wa Mbeere alijuaje kuhusu UKIMWI mwaka wa 1999, wakati Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa. Aliambiwa na nani? Kwa lugha gani? Hebu turudi nyuma kidogo.

Simu yenyewe ina historia ya ajabu. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza yake mwaka wa 1876, alikuwa mtu wa kuishi na viziwi. Mama yake alikuwa na shida ya kusikia. Mkewe Mabel alikuwa kiziwi. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kufundisha viziwi kuongea kwa mdomo. Na mtu huyo ndiye aliyetupa kifaa ambacho mkewe hangeweza kukitumia. Isitoshe, Bell alipinga lugha ya ishara maisha yake yote. Mwaka wa 1880 walimu wa viziwi 164 walikutana Milan, Italia, na kati yao kiziwi alikuwa mmoja tu. Wakaamua kwamba shule zifundishe kwa mdomo, mikono iachwe.

Utasema Milan na Meru wapi na wapi. Lakini fuata uzi. Shule za viziwi Kenya zilianza kufunguliwa kuelekea na kuanzia miaka ya 1960, za Mumias na Nyang'oma zikiwa miongoni mwa za kwanza kabisa, na zilikuja na mtindo huo huo wa mdomo. Mtoto anakalishwa mbele ya mwalimu akodolee midomo macho. Mikono ikichezacheza darasani, hiyo ni kesi. Ilibidi tufike miaka ya 1980 ndipo Wizara ya Elimu ikalegeza kamba na kuruhusu ishara darasani. Hiyo ni miaka mia moja baada ya Milan.

Sasa sikia jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko programu yoyote. Mwalimu hulala kwake. Bwenini usiku hakuna wa kukataza mikono. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hivyo nyumbani Tigania au Runyenjes anakuwa na ishara chache tu za familia: kula, njoo, ng'ombe, baba amekasirika. Akifika shule kama Kaaga pale Meru, au St. Luke's pale Embu, anakuta wenzake na anapata lugha nzima. Lugha ya Ishara ya Kenya ilikulia sana mabwenini namna hiyo, kabla wasomi hawajaanza kuiandikia kamusi. Mradi wa utafiti wa lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi ulianza mwaka wa 1991, na marehemu Profesa Okoth Okombo akiwa mmoja wa waliosimama kuwaambia Wakenya kwamba hii ni lugha kamili, yenye sarufi yake, na si maigizo.

Kwangu mimi bweni ndilo lilikuwa mtandao wa kwanza wa habari za afya za viziwi. Hedhi ni nini, mimba inaingiaje, ukiona usaha ufanye nini: haya yote yalipita mkono kwa mkono, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, taa ikiwa imebaki moja. Na uongo nao ulipita hapo hapo, tusijidanganye. Lakini aliyekuwa bwenini angalau alikuwa na mtu wa kumuuliza. Yule aliyefichwa nyumbani kwa sababu ya aibu ya familia hakuwa na swali wala jibu, kwa sababu hakuwa na lugha ya kuliulizia.

Wakati huo, huko nje, afya yote ilikuwa kazi ya sikio. Chifu anaita baraza. Pasta anatangaza siku ya chanjo baada ya sadaka. Gari lenye spika linapita sokoni likipiga kelele. Halafu ikaja redio za lugha za mama. Kameme FM ilifungua njia mwaka wa 2000 kwa Kikuyu, na baadaye Royal Media wakatuletea Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu. Mimi ni shabiki, sitadanganya. Daktari anaketi studio, anaeleza kisukari kwa Kimeru ambacho nyanya yako anakielewa, watu wanapiga simu na kuuliza maswali ambayo hawangethubutu kuyauliza hospitalini. Kwa mama wa Maua hayo yalikuwa mapinduzi. Kwa mwanawe kiziwi aliyeketi mezani hapo hapo, redio ilikuwa sanduku tu ambalo watu huliangalia kisha wanacheka au wananyamaza.

Kuna kitu kimoja kilichofanywa vizuri enzi hizo na kinastahili kutajwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Liverpool VCT, ambalo sasa ni LVCT Health, lilifungua vituo vya kupima virusi vya UKIMWI kwa ajili ya viziwi, na washauri wakiwa viziwi wenyewe. Hakukuwa na haja ya kuja na dada yako ili akutafsirie majibu. Ila vituo vilikuwa Nairobi, Kisumu na Mombasa. Kutoka Meru mjini hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, halafu uniambie nani aliweza.

Ndipo ikaja SMS. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo duniani ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na Neil Papworth, akimtakia mwenzake heri ya Krismasi. Hakuna aliyekuwa anawawazia viziwi siku hiyo. Marekani tayari walikuwa na mashine ya kuandikiana kupitia laini ya simu: Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi, aliipatia njia mwaka wa 1964. Lakini mashine hiyo ilihitaji simu ya waya nyumbani, na miaka hiyo vijiji vya Meru na Embu simu ya waya ilikuwa kitu cha posta, cha misheni na cha tajiri mmoja. Kwa hivyo viziwi wetu wakaruka enzi nzima. Kutoka kwa kutumana mtu na barua wakaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, mara tu Safaricom na Kencell walipoanza kusambaa kuanzia mwaka wa 2000 na mulika mwizi zikashuka bei.

Usiyechukulia hilo kwa uzito, fikiria. Kabla ya hapo, kiziwi wa Chuka akitaka kujua kama rafiki yake wa shule kule Embu amepona, ilibidi apande gari aende. Akimkosa, amekosa.

Watu wa afya nao wakaigundua SMS. Kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao ulienda dunia nzima. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi waligawanywa mafungu mawili katika kliniki tatu. Fungu moja lilipata ujumbe kila wiki, neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida". Akijibu shida, au akinyamaza siku mbili, nesi anampigia. Waliopata "Mambo?" asilimia 62 walisema wanafuata dawa vizuri. Wale wengine, asilimia 50. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo mwaka wa 2010.

Napenda utafiti huo, lakini ona mwisho wake: nesi anampigia. Ukiandika "Shida" na wewe ni kiziwi, msaada unakuja kama mlio ambao huusikii. Na si huo tu. Namba ya 1190 ya vijana, namba ya 719 ya Wizara ya Afya wakati wa korona, zote msingi wake ni kupiga. Nyingine ziliongezewa njia ya kuandika, na hiyo ni sawa, ila ile sauti ya mtu wa kukutuliza saa nane usiku ni ya wanaosikia.

Halafu kuna shida ya lugha ambayo wengi wetu hatuijui kabisa. Katika shule za viziwi Kenya, mwanafunzi hufanya mtihani wa Lugha ya Ishara mahali pa Kiswahili. Ni jambo la haki, mimi naunga mkono. Lakini maana yake ni kwamba kuna kiziwi aliyemaliza kidato cha nne na Kiswahili hajafundishwa. Kimeru na Kiembu hata usiseme, hizo ni lugha anazoziona zikisemwa tu. Kinachobaki ni Kiingereza, ambacho amejifunza kwa kukisoma bila kukisikia, na ambacho sarufi yake haifanani na ya ishara. Sasa serikali inatuma ujumbe wa afya kwa Kiswahili sanifu na inaandika kwenye ripoti kwamba umma umefikiwa. (Ndiyo, na mimi naandika haya kwa Kiswahili. Ndiyo maana toleo la video lina mkalimani, na limetoka kabla ya hili.)

Mfano mdogo. Unajua ile bahasha ya dawa ya khaki, imeandikwa 1×3? Sisi tumeambiwa kwa mdomo tangu utotoni: moja, mara tatu kwa siku. Namba hazina shida ya lugha, utasema. Lakini kama hakuna aliyekueleza, 1×3 inaweza pia kuwa tatu kwa mpigo mmoja. Na "kabla ya kula" imeandikwa wapi? Haijaandikwa, ilisemwa. Mhudumu aliisema akiwa ameinamia dirisha, ameangalia bahasha nyingine. Dawa zenyewe zina historia yake na masikio pia: streptomycin ya kifua kikuu na gentamicin ni baadhi ya sindano zinazojulikana kuharibu kusikia. Kuna waliopona ugonjwa wakatoka viziwi. Hao wanaujua mfumo wa afya kwa pande zote mbili.

Video ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na hapa sitaki kuharakisha. Safaricom walileta 3G mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. Novemba 2016 WhatsApp wakafungua simu za video. Kwa mara ya kwanza kiziwi aliweza kuongea kwa lugha yake na mtu asiye mbele yake. Hakuna tena kuandika Kiingereza cha kubahatisha. Mama kiziwi wa Nkubu anaweza kumwonyesha mwenzake wa Siakago upele wa mtoto, akamuuliza kwa ishara kama naye aliwahi kuuona. Makundi yakazaliwa, watu wa darasa moja, wa shule moja, wa kanisa moja. Lile bweni lilifufuka ndani ya simu, na safari hii likawa na watu wazima wenye watoto, presha na madeni ya hospitali.

Lakini video ina gharama ambazo mwenye kusikia hazimgusi. Bando kwanza. Mimi nikitaka kumuuliza nesi swali la dakika tatu, napiga kwa shilingi chache. Kiziwi akiuliza swali hilo hilo kwa ishara anatumia data ya video, na ikikatika katikati ya sentensi anaanza upya. Analipa zaidi kwa maneno yale yale. Pili ni mwanga: stima ikipotea, mazungumzo yameisha, hata kama betri imejaa. Tatu, mikono. Huwezi kuashiria vizuri ukiwa umeshika simu, kwa hivyo unaiegemeza kwenye sufuria au kwenye Biblia na kuomba isianguke. Na ukishuka Mbeere ya chini au upande wa Tharaka, mtandao wenyewe ni wa kutafuta kwa kupanda kilima.

Korona ilipofika, tarehe 13 Machi 2020, haya yote yalionekana mchana kweupe. Barakoa zikafunika midomo na nusu ya uso, na uso ni sehemu ya sarufi ya ishara. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilikuwa imeshaagiza televisheni ziweke mkalimani au maandishi kwenye habari na vipindi vya elimu, kwa hivyo walau kwenye kona ya skrini alikuwepo mtu. Kona yenyewe ndogo kama stempu. Jaribu kusoma vidole vya mtu kwenye televisheni ya inchi 19 iliyo juu ya kabati. Kituo cha Signs TV, cha Luke Muleka, ndicho kilichogeuza hesabu hiyo kwa kuiweka ishara mbele badala ya pembeni. Ila uvumi ulikuwa na kasi yake kwa viziwi kama kwetu, na tofauti ni kwamba uvumi wa Kimeru ulikuwa na daktari wa redio wa kuukanusha asubuhi.

Kwenye karatasi tuko vizuri sana. Katiba ya 2010 inataja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina. Kifungu cha 7 kinaiagiza serikali iikuze, cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia, cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Yaani mbunge wako anaweza kutukanana kwa ishara rasmi kabisa. Lakini tangu ugatuzi wa 2013, hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na mkalimani wa wodi ya uzazi ni swali la bajeti ya Meru na bajeti ya Embu, si la Bunge. Kaunti ikikosa kumwajiri, mgonjwa huja na dada yake, au jirani, au mtoto wake wa miaka kumi anayesikia. Mtoto huyo ndiye atakayemtafsiria mama kwamba ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Mimi nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea na mambo ya "ubunifu".

Lakini wacha niseme kuhusu ubunifu, maana nitaulizwa. Roy Allela alipata sifa nyingi kwa glavu zake za Sign-IO, zinazogeuza ishara kuwa sauti. Kazi ya akili, sibishi. Ila glavu zinamsaidia nani hasa? Zinanisaidia mimi ninayesikia nimwelewe kiziwi. Jibu langu linarudi kwake vipi? Na glavu hazioni nyusi wala mabega. Terp 360 ya Elly Savatia, iliyoshinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka wa 2025, inaenda upande ule mwingine: maneno yanageuzwa kuwa ishara zinazofanywa na mhusika wa kidijitali. Kwa habari za afya huo ndio upande uliokuwa na njaa. Bado singependa mhusika wa kidijitali awe ndiye anayemwambia mtu ana saratani, lakini kwa kueleza ratiba ya chanjo au ile bahasha ya 1×3, kwa nini isiwe?

Hata kujisajili kwa bima mpya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, kwa kubonyeza *147#, ni hatua. Kiziwi anaweza kuifanya mwenyewe bila kupiga simu kwa mtu. Mpaka menyu imkatie kwa kuisha muda wakati anajaribu kuelewa neno moja.

Jambo ninalolifuatilia sasa ni lile la Septemba 2023. Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakapewa vifaa, na pamoja na vifaa hivyo, simu ya kuandikia taarifa za kila boma. Hawa watu wanaingia hadi nyumbani. Wanajua nani ana mimba, nani ana presha, na wanajua ni boma lipi lina kijana kiziwi ambaye haendi popote. Simu tayari wako nayo. Mkalimani mmoja wa zamu akae Meru mjini na mwingine Embu mjini, mhudumu akifika kwa kiziwi afungue video, amshikie simu, wale wawili waongee. Data ilipwe na kaunti. Hakuna kifaa kipya cha kuvumbua hapo, na hakuna hundi ya kadibodi.

Kama wewe ni mhudumu wa Igembe, Imenti, Manyatta au Mbeere na umeshajaribu kitu kama hicho hata kwa bando lako mwenyewe, niandikie. Nataka kujua mkalimani ulimpata wapi, na mgonjwa aliuliza nini kwanza.